Uzi: Mabomba ya maji ya moto yanayopita darini, je, kuyavika kunatosha?

Mkazi wa Nyegezi

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina nyumba ndogo ya wageni huku Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi, na wengi wa wageni wangu ni wasafiri wanaolala usiku mmoja tu na kuamka saa kumi alfajiri ili wawahi gari. Juu ya paa nimefunga hita ya sola yenye tangi la lita 300, ya ile aina ya mirija ya kioo yenye utupu ndani, na jioni maji yake huwa ya moto kiasi kwamba mtu hawezi kuoga bila kuchanganya na ya baridi. Kwa hiyo hita yenyewe sina ugomvi nayo.

Ugomvi uko darini. Bomba linatoka kwenye tangi, linapenya bati, kisha linalala juu ya mbao za dari na kupita vyumba vyote mpaka kile cha mwisho, jumla kama mita 24. Ni bomba la chuma la inchi moja, na halijavikwa kitu chochote. Mgeni wa chumba cha mwisho anapofungua shawa alfajiri, maji yanayotoka ni ya baridi, naye akiwa na subira atakinga karibu ndoo nzima kabla ya kuona dalili yoyote ya joto. Wasio na subira wanaoga hivyo hivyo, halafu wanapopita mapokezi kurudisha ufunguo wanasema nimewatangazia maji ya moto ambayo hayapo. Ajabu ni kwamba mchana saa nane hata koki ya maji ya baridi inatoa maji ya vuguvugu, maana bati limeipika dari kutwa nzima; ikifika usiku, dari hiyo hiyo ndiyo inayonyonya joto nililolilipia.

Muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi amenihakikishia kwamba nikivika bomba lote kwa lile sponji jeusi la mrija, maji yatakaa ya moto mpaka asubuhi. Bei aliyonitajia si ndogo, na kuifikia dari itabidi nifungue baadhi ya bodi za jipsamu. Kabla sijatoa fedha naomba wenye ujuzi waniambie kama maneno yake ni ya kweli, na kama si ya kweli, dawa ni ipi.

Fundi Igoma

Mkuu, pole na karibu. Kwanza nimtetee fundi aliyekulazia bomba la inchi moja, kwa sababu najua wachangiaji wataanza kumsema. Nyumba nyingi za hapa Mwanza zinategemea maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki iliyo juu ya mnara wa mita tatu au nne, na kimo hicho kinatoa msukumo mdogo mno, sehemu ndogo tu ya kile unachokipata kwenye bomba la mtaani siku ambayo maji yana nguvu ya kawaida. Ukilaza nusu inchi kwa umbali wa mita 24 chini ya msukumo wa namna hiyo, shawa ya chumba cha mwisho itadondosha matone. Fundi alichagua bomba nene ili maji yafike, na yakafika. Kwamba yanafika baridi hilo ni jambo la pili ambalo pengine hakuulizwa.

Pamoja na hayo, chuma si bomba la kulaza darini kwa maji ya moto siku hizi. Ungetumia PPR, ambayo ni plastiki nzito, joto lisingekimbia kwa kasi hiyo. Chuma hupitisha joto karibu mara mia mbili kuliko PPR.

Mwalimu wa Bwiru

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Naomba niingie hapa kwa sababu hoja ya Fundi ni ya kweli kwa sehemu, lakini hitimisho lake linaweza kumpotosha mwenye uzi akang'oa bomba zima bila faida anayoitarajia.

Ni kweli chuma hupitisha joto zaidi sana kuliko PPR. Hata hivyo, kwenye bomba lililo wazi darini, kinachoamua kasi ya kupotea kwa joto ni ile hewa tulivu inayogusana na bomba kwa nje kuliko ukuta wa bomba lenyewe, kwani hewa ndiyo inayopokea joto kwa uvivu. Ukuta wa PPR unaongeza kizuizi kidogo juu ya kile ambacho hewa tayari inakitoa, kiasi cha moja ya tano hivi. Kwa hiyo kubadili chuma kuwa plastiki na kuiacha uchi hakuokoi kitu kikubwa. Unachohitaji ni kuongeza tabaka la hewa iliyofungwa isiyoweza kujongea, na kihami joto cha aina yoyote, kiwe sponji jeusi, kiwe pamba ya kioo, kwa kweli ni chombo cha kuifunga hewa tu.

Sasa turudi kwenye swali la muuzaji. Bomba la chuma la inchi moja lina nafasi ya ndani ya milimita 27 hivi, kwa hiyo kila mita inabeba maji yanayokaribia sita ya kumi ya lita. Mita 24 ni lita 14. Hizo ndizo zinazojaza ndoo ya mgeni wako. Tuseme mtu wa mwisho ameoga saa tatu usiku na kuacha bomba limejaa maji ya nyuzi joto 60, na tuseme hewa ya darini usiku ina nyuzi 20, ambayo kwa Mwanza ni makadirio ya haki. Bomba likiwa uchi, maji hayo yatashuka hadi nyuzi 40, yaani joto la kuogea, ndani ya dakika 40 hivi. Ukilivika sponji la unene wa milimita 13, yatachukua saa mbili. Ukiongeza unene mpaka milimita 25, yatachukua saa tatu au pungufu kidogo.

Mgeni wako anafungua koki saa kumi alfajiri, yaani saa saba baadaye. Kwa sponji la milimita 13 atakuta maji ya nyuzi 24, na kwa lile nene zaidi atakuta nyuzi 27 au 28. Yote mawili mwilini ni baridi. Muuzaji ama hajui hesabu hii ama hakuona sababu ya kukupigia. Kuvika bomba hakutengenezi joto, kunachelewesha tu safari yake ya kutoka, na ucheleweshaji wa saa mbili una manufaa makubwa kwa nyumba ambayo watu wanaoga mmoja baada ya mwingine kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne, ila haumsaidii anayeoga baada ya nyumba nzima kulala.

Mama wa Buhongwa

Mwalimu amesema vizuri, nami naongeza la nyumbani. Kabla hamjajadili unene wa sponji, jadilini panya. Kwangu walivikwa bomba sponji zuri jeusi, na haikuchukua muda nikaanza kuona vipande vyake vyeusi kwenye sakafu ya stoo, chini ya tundu la taa. Panya hawali sponji kwa njaa, wanalichana ili kutandika viota, na mahali wanapopenda zaidi ni pale penye bomba la moto. Mwenye dari yenye mianya kwenye kona za paa aizibe kwanza kwa wavu wa chuma, asije akawatandikia godoro.

Mkazi wa Nyegezi

Nawashukuru. Mwalimu, umenivunja moyo kwa hesabu, lakini afadhali hesabu kuliko maneno ya dukani. Nina swali. Ndugu yangu mmoja aliyeko Marekani aliniambia kwamba kule kila bomba la darini lazima livikwe, tena ni jambo la sheria, na asiyevika nyumba yake hufurika. Kama kuvika hakuzuii maji kupoa, kwa nini wanasisitiza hivyo?

Ng'wana Magu

Mkazi wa Nyegezi, nipo Minnesota kwa miaka mingi sasa na kazi yangu ni mabomba na mifumo ya kupasha nyumba joto, kwa hiyo swali lako limeniangukia. Jibu la mkato ni kwamba Mwalimu yuko sahihi hata huku, na watu wengi wa huku hawalielewi jambo hilo mpaka dari ianguke juu ya kitanda.

Kwanza mwelewe nafasi yenyewe. Nyumba za huku zina nafasi kubwa kati ya dari na paa, na kihami kinene cha pamba hulazwa juu ya bodi za dari ili joto la vyumbani lisipande. Maana yake ni kwamba ile nafasi ya juu inaachwa kwa makusudi iwe baridi kama nje, na hewa ya nje inapita humo kupitia matundu ya pembezoni mwa paa ili unyevu usiozeshe mbao. Januari, usiku wa baridi kali, nje huwa nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri. Nyumba nyingi za zamani hupashwa joto kwa maji: chini kuna boila, pampu inazungusha maji ya moto kwenye mabomba hadi kwenye radieta za kila chumba, na yapo majumba ambayo mtu aliongeza chumba baadaye akaona njia fupi ya kufikisha bomba ni kulipitisha juu ya dari. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa.

Pampu ikizunguka, bomba hilo haligandi hata likiwa uchi, kwa sababu maji mapya ya moto yanaingia wakati wote. Siku umeme unapokatika kwa dhoruba, au mwenye nyumba anaposafiri na kushusha thamostati, maji yanasimama. Yakisimama, sponji linakununulia saa kadhaa tu, kama kule Nyegezi linavyokununulia saa kadhaa, na baada ya hapo bomba linafuata joto la hewa iliyolizunguka. Huko kwenu mwisho wa safari ni nyuzi 20, mgeni ananuna. Huku mwisho wa safari uko chini ya sifuri. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, na bomba hupasuka. Wengi hudhani linapasuka pale penye barafu. Mara nyingi halipasuki hapo. Barafu inapokua inayasukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye koki iliyofungwa, na kwa kuwa maji hayabonyei, msukumo unapanda mpaka sehemu dhaifu inaachia, pengine mita kadhaa kutoka kwenye barafu yenyewe. Mwenye nyumba hajui lolote mpaka barafu inapoyeyuka na maji kuanza kutiririka.

Chuo Kikuu cha Illinois kiliwahi kufanya majaribio ya mabomba yasiyovikwa darini, na kikaona hatari inaanza hewa ya nje inapofika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Ndiyo maana Februari 2021, baridi kali ilipoishukia Texas, jimbo ambalo nyumba zake nyingi hupitisha mabomba darini kwa kuamini joto la kusini, watu wengi mno walipasukiwa na mabomba huku umeme nao ukiwa umekatika. Minnesota yenye baridi zaidi haikupata msiba wa namna ile, kwa sababu huku bomba la darini linahesabiwa kuwa kosa la ujenzi tangu mwanzo.

Sasa tunafanyaje pale lisipohamishika? Tunalishusha liguse bodi za dari, kisha tunafunika pamba juu yake kama blanketi, wala hatuweki pamba chini yake. Hili ndilo jambo ambalo wasio mafundi hulikosea: mtu anavika bomba pande zote kwa ukarimu, pamoja na upande unaotazama chumba, na kwa kufanya hivyo analitenga na chanzo pekee cha joto kilichopo, yaani chumba chenye watu. Kihami kinapaswa kukaa kati ya bomba na baridi, na upande wa joto uachwe wazi. Baada ya hapo tunaziba kila ufa unaopitisha upepo, maana upepo mwembamba unaolenga bomba ni mbaya kuliko baridi tulivu. Kwenye mzunguko wa radieta, ambao maji yake hayanywewi, tunaweza kuchanganya propilini glaikoli, ile isiyo sumu, ili maji yasigande kirahisi; hatutumii ethilini glaikoli ya magari, kwa sababu ikivuja ikaingia kwenye maji ya kunywa inaua. Glaikoli nayo ina gharama yake, kwani mchanganyiko huo unabeba joto pungufu kuliko maji matupu, na inabidi upimwe kila mwaka.

Kuna pia nyaya za umeme za kuzungushia bomba. Sizipendi. Zinafaa, hasa zile zinazojipunguza zenyewe, lakini zinahitaji umeme, na usiku ambao bomba linaganda ndio usiku ambao umeme hukatika. Tena zile za kizamani zikipishana juu ya nyingine huweza kuwasha moto darini.

Fundi Igoma

Ng'wana Magu, nimekusoma mara mbili. Kumbe hata huko tatizo ni maji kusimama.

Mwenyeji wa Makete

Naomba kuchangia kidogo, maana watu wa ziwani mnaweza kudhani kuganda ni habari ya Marekani pekee. Huku Makete, na hasa kuelekea uwanda wa Kitulo ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kati ya Juni na Agosti sakitu huanguka na asubuhi majani huwa meupe. Wenye hita za sola za bapa, zile zenye kioo juu na mabomba membamba ya shaba ndani, hujikuta na bapa lililopasuka ilhali kipimajoto cha ukutani hakikufika sifuri. Sababu ni kwamba anga likiwa safi usiku, bapa linatoa joto lake moja kwa moja kuelekea angani na kupoa kuliko hewa iliyolizunguka, hivyo maji yaliyomo yanaweza kuganda hewa ikiwa bado nyuzi nne au tano. Sponji la darini haliwezi kuliokoa bapa lililo juu ya bati. Sisi hufungua maji ya bapa jioni, au hununua ile ya mirija ya utupu, ambayo utupu wake huzuia joto lisitoke kirahisi.

Mwalimu wa Bwiru

Ahsante sana Mwenyeji wa Makete, na jambo hilo la anga safi linatuhusu hata huku, ingawa kwa kiasi kidogo. Bati la Mwanza nalo hupoa kuliko hewa usiku usio na mawingu, ndiyo sababu alfajiri unaweza kukuta umande unadondoka upande wa ndani wa bati. Umande huo ukilowesha kihami cha pamba au sponji la godoro lenye matundu yaliyo wazi, kihami kinakufa, kwa kuwa hewa uliyoifunga imegeuka maji, na maji hupitisha joto mara ishirini na zaidi kuliko hewa. Kwa hiyo wale wanaovika mabomba kwa vipande vya godoro la zamani na magunia waache. Sponji la kufaa ni lile ambalo vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Ukilikandamiza ndani ya maji na kuliachia, halinywi.

Narudi kwa Mkazi wa Nyegezi. Shida yako ni lita 14 zilizosimama usiku kucha, na ninaona njia mbili tu za kweli. Ya kwanza ni kupunguza maji yaliyosimama, ama kwa bomba jembamba, ama kwa kuleta chanzo karibu na watumiaji. Ya pili ni kuyazungusha, kama boila ya Minnesota, kabla mgeni hajaamka. Kuhusu bomba jembamba, Fundi ameshaeleza kikwazo cha msukumo, nami namwachia.

Fundi Igoma

Kwa kimo cha simtanki ya kawaida, nisingeshuka chini ya PPR ya milimita 32 kwenye njia kuu, ambayo ndani ina nafasi ya milimita 21 hivi. Hiyo ingekupunguzia maji yaliyosimama kutoka lita 14 hadi lita 8 au 9. Ni nafuu ya maana lakini si dawa. Kisha jua kwamba PPR ya kawaida inarefuka vibaya sana ikipata joto: kwa mita 24 zikipanda nyuzi 40, bomba linaongezeka karibu sentimita 14, wakati chuma kinaongezeka sentimita moja na kidogo. Ukiifunga kwa nguvu kwenye kenchi pande zote mbili, itajikunja kama nyoka kati ya mbao, na kila inapobonyea juu hewa inajikusanya na kuziba maji. Ipo yenye nyuzinyuzi za kioo katikati ya ukuta wake, ambayo inarefuka theluthi ya hiyo, na ndiyo ninayoitumia kwa maji ya moto. Zaidi ya hayo, usiiunganishe PPR moja kwa moja na tangi la mirija ya utupu, kwa sababu siku ya jua kali na wageni wachache maji yake hukaribia kuchemka, na PPR haikutengenezwa kuishi zaidi ya nyuzi 70 kwa muda mrefu. Mita mbili za kwanza ziwe shaba au chuma.

Kwa kuwa bomba la mkuu lipo tayari na halivuji, mimi ningeacha chuma chake mahali pake na kufuata njia ya pili ya Mwalimu.

Mkazi wa Nyegezi

Njia ya pili naipenda kwa sababu haining'olei bomba. Je, pampu ya kuzungusha ikiwaka usiku kucha haitatosha kabisa, bila sponji?

Mwalimu wa Bwiru

Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo sponji linapopata kazi yake halali. Bomba lako likiwa uchi na maji ya nyuzi 60 yakizunguka ndani yake, kila mita inatoa zaidi ya wati 40 kwenye hewa ya dari. Kwa mita 24 hiyo ni kilowati moja nzima, sawa na pasi ya umeme uliyoisahau darini ikiwa imewaka. Kwa saa saba utakuwa umepoteza joto la kutosha kushusha tangi lako la lita 300 kwa takriban nyuzi 20, na hapo sijahesabu bomba la kurudishia. Utampa mgeni wa kwanza maji ya vuguvugu mara moja badala ya maji ya moto baada ya ndoo moja, na hasira itabaki pale pale.

Ukivika milimita 13, upotevu huo unashuka hadi theluthi. Ukivika 25, unashuka hadi chini kidogo ya robo. Angalieni jinsi faida inavyopungua: tabaka la kwanza linaokoa theluthi mbili za joto lote, na la pili, lenye gharama karibu sawa, linaokoa kidogo sana. Fedha ya tabaka la pili ni heri iende kwenye saa ya kuwashia pampu, ili pampu ifanye kazi kuanzia saa kumi kasorobo kwa dakika chache, iyasukume yale maji yaliyopoa kurudi kwenye tangi, na kuzima yenyewe. Kwa hesabu hiyo hutapoteza hata tone, na lita 14 zilizokuwa zinamwagika kila alfajiri zitabaki kwenye mfumo.

Ng'wana Magu

Naunga mkono. Huku tunaweka pia kitufe karibu na bafu la mbali, mgeni anakibonyeza, anapiga mswaki, na maji yanakuwa tayari. Kwa wageni wa basi la alfajiri saa ya kujiwasha inafaa zaidi, maana mtu mwenye usingizi hasomi maelekezo ya ukutani.

Fundi Igoma

Basi niseme jinsi ya kuifanya, kwa sababu hapa ndipo kazi huharibika.

Bomba la kurudishia halihitaji kuwa nene, kwa kuwa linasukumwa na pampu. PPR ya milimita 20 inatosha, ikianzia kwenye tii ya mwisho kabisa, baada ya chumba cha mbali, si kabla yake. Matangi mengi ya mirija hayana tundu la ziada la kupokea maji yanayorudi, hivyo utayaingiza kwenye njia ya maji ya baridi inayoingia tangini. Hapo ni lazima uweke valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma kwenye bomba la kurudishia, kwani bila hiyo mtu akifungua shawa, maji ya baridi yatakata njia ya mkato kupitia bomba hilo na kumfikia kabla hayajapita kwenye hita, na utakuwa umejenga mtambo wa kupoza wageni. Pampu iwe ile ya maji ya moto, si ya kupandishia maji kwenye simtanki.

Upande wa sponji, nunua kipenyo kinacholingana na nje ya bomba. Bomba la inchi moja kwa nje lina milimita 33 na ushei, na wengi hununua mrija wa milimita 28 kwa kuwa ndio uliopo dukani, wanaulazimisha, unaacha mdomo wazi juu kwa urefu wote, halafu wanaufunika ule mdomo kwa selotepu. Selotepu ya kawaida haivumilii joto la dari. Inaachia kabla ya mwaka kwisha. Mdomo ufungwe kwa gundi yake yenyewe, uelekezwe chini, na juu ya viungo uzungushe teipu ya aluminiamu. Elbo, tii na valvu zivikwe pia, kwa kukata mrija pembe ya nyuzi 45 na kuunganisha kama fremu ya picha. Nimeona mabomba yaliyovikwa vizuri yakiwa na valvu za shaba zilizoachwa uchi kila mahali, na kila valvu moja hutoa joto kama kipande kirefu cha bomba.

Penye kibanio, usikate sponji ili kibanio kikamate chuma. Zungusha kibanio juu ya sponji, na weka kipande kigumu cha plastiki katikati kisilibonyeze. Kipande kile cha nje, kati ya tangi na bati, ndicho chenye moto kuliko vyote na ndicho kinachosahaulika. Jua la hapa hulikausha sponji jeusi likapasuka na kumeguka, kwa hiyo lifunike kwa bati laini la aluminiamu au teipu nzito ya aluminiamu. Mwanya wa panya wa Mama wa Buhongwa uzibwe siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Nyegezi

Nimeelewa, na nimeamua hivyo: sponji la milimita 13, bomba la kurudishia, pampu na saa yake. Swali la mwisho, Fundi. Bodi za jipsamu nikishazifungua, kazi yote naweza kuimaliza kwa siku moja nikazirudisha jioni?

Fundi Igoma

Bomba na pampu vinaweza kuisha siku moja, mkuu, ila viungo usivivike siku hiyo. Jaza maji, acha mfumo mzima upate joto la jua kutwa, upoe usiku, kisha asubuhi panda na tochi upapase kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kiungo kinachovuja kidogo mara nyingi hukauka kikiwa cha moto na kulia kikipoa, na ukikivika kabla hujakiona kikipoa, maji yatatembea ndani ya sponji mita kadhaa na kudondokea bodi ya chumba ambacho hakina tatizo lolote. Vivike siku ya tatu, na bodi iliyo chini ya pampu usiipige skimu, ifunge kwa skrubu ili ifunguke tena.

Mkazi wa Nyegezi

Sawa kabisa. Chumba cha mwisho nitakifunga kwa siku hizo tatu.